Barafu Ndani ya Vichupa

Wenzangu mliobaki kituoni, siku ya kuniaga mlinipa doti mbili za kanga na saa ya ukutani, mkaniomba niandike machache ya kazi yetu ili wanaokuja wasianze kwa kupapasa. Saa nimeitundika. Machache ndiyo haya. Nilidhani nitaandika kwa raha, mguu juu ya mguu, lakini tangu nikae nyumbani kila nikishika kalamu linanijia jambo moja tu, na jambo hilo halina raha. Nitalifikia. Kwanza niandike kwa utaratibu, maana ndivyo tulivyozoeshwa: jina la mwenye mnyama, umri wa mnyama, kilichomleta.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mbili na cheti cha ng'ombe. Chuoni tulifundishwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa na paka walipewa wiki moja mwishoni, wakati watu wameshaanza kufunga mizigo yao. Asubuhi yangu ya kwanza, pale nyuma ya Mji Mkongwe, aliletwa paka ndani ya kikapu cha ukili. Nilifunua kikapu kama anayefunua sinia la biriani, paka akachomoka, akanirarua mkono, akapanda pazia na kujibanza juu ya kabati la dawa. Nikamkimbiza chumba kizima. Bwana Khatib, mkubwa wetu wa kazi wakati ule, alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa ananitazama.

"Ushamaliza?" akaniuliza.

"Bado, Bwana Khatib."

"Basi kaa chini. Mwenzio anakuona weye ndo mgonjwa."

Akachukua taulo kuukuu, akangoja mpaka paka akatulia mwenyewe, akamfunika na kumteremsha kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Taulo, mwanangu. Mkono ni wa mwisho," akasema, kisha akarudi kwenye kahawa yake.

Bwana Khatib hakuwa na shahada yoyote ukutani. Alianza kazi akiwa mshika kamba wa ng'ombe na akajifunza mengine kwa kutazama. Alinifundisha kutazama ufizi kabla ya kusikiliza maelezo ya mwenye mnyama, kumpapasa mnyama mbavu kujua analishwa nini nyumbani, na kuuliza swali la chakula mara mbili, mwanzo na mwisho, kwa sababu jibu la mwanzo huwa la heshima. Ukimuuliza mtu paka wake anakula nini, atakwambia samaki. Ukimuuliza tena wakati ameshazoea, atakwambia wali na mchuzi, na samaki ni ile harufu iliyobaki ndani ya mchuzi.

Kazi yetu ina mbwa ndani yake, na mimi ni mtoto wa Kiislamu wa Jang'ombe. Hili vijana huniuliza kwa aibu, basi acheni nilijibu hapa. Nilikuwa na nguo za mbwa mbali na nguo za paka, na ndani ya mkoba wangu wa kazi, pamoja na kipimajoto na mabomba ya sindano, nilikuwa na kopo la udongo safi. Nikimaliza kazi ya mbwa, penye mate yake nakosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo natia udhu na kusali. Mama yangu alininunulia beseni langu peke yangu, likikaa uani, na hakuna mtu aliyeligusa mpaka likatoboka. Majirani waliniita Bi Daktari nikiwapo na Bi Mbwa nikiondoka. Sikuwa daktari, nilikuwa msaidizi tu, kwa hiyo majina yote mawili hayakuwa yangu, lakini niliitikia.

Mgonjwa wa kwanza kunifia mikononi alitoka mtaani kwetu. Bwana mmoja alimleta paka uso umemvimba, ufizi umekuwa na rangi ya kahawia, anapumua kwa shida. Paka alikuwa na homa, na mkewe akamkatia nusu ya panadol. Panadol ni sumu kwa paka, hata kipande kidogo. Bwana Khatib alijaribu alichoweza, na paka akafa kabla ya adhuhuri. Yule bwana akasema, "Lakini mtoto wangu namkatia nusu hiyo hiyo." Niliona huruma, na nikaona pia kwamba jambo hili ni jepesi kulizuia, ni kusema tu. Basi nikaanza kusema. Nimesema skulini, nimesema redioni, nimesema kwenye foleni ya mkate. Wiki yangu ya mwisho kazini aliletwa paka wa namna hiyo hiyo, ufizi wa kahawia, na mama aliyemleta akanambia neno kwa neno habari ya mtoto na nusu. Miaka thelathini na nane ilikuwa imepita. Nilikaa chini nikachoka kabisa.

Chakula ndiyo kazi iliyonila umri. Paka si mbuzi wala si binadamu, hawezi kuishi kwa wali. Akilishwa wali na mchuzi peke yake, siku nyingi zikipita moyo wake hulegea na macho hufifia, na wenyewe hudhani ni uzee. Wengine huwapa dagaa wabichi, kila siku, mwaka mzima, wakiamini ndiyo ihsani. Dagaa wabichi wakiwa ndiyo chakula pekee humwondolea paka vitamini fulani, akaanza kuyumba na kukunja shingo. Niliwahi kuletewa paka wa hivyo baada ya kusomewa siku tatu, kwa kuwa ilionekana ana shetani. Nilimdunga vitamini, nikawaambia samaki apikwe na miba mikubwa itolewe. Paka akapona, na sifa akapewa yule aliyemsomea. Mimi nilipelekewa visheti, kwa hiyo sikulalamika.

Pwani ndiko kulikonivunja moyo zaidi. Kendwa na Paje kila mwaka mambo ni yale yale. Msimu wa wageni mbwa na paka wananenepa kwa chipsi na nyama za kwenye sahani, wageni wanawapa majina na kuwapiga picha. Mvua za masika zikianza hoteli zinafunga nusu ya vyumba, wageni wanaondoka, na wanyama wale hawajui kutafuta kingine. Niliwaomba mameneja watenge mabaki ya jikoni, wachemshe na kugawa kidogo kidogo mwaka mzima, na kila mnyama apate dawa ya minyoo na chanjo. Walikubali wote. Meneja wa hoteli hukubali kila kitu, kisha hubadilishwa. Mwaka unaofuata nilikuwa naanza na mwengine, na nakuta mbwa wengine, kwa sababu wale wa mwanzo wameshakufa.

Sasa nije kwenye friji.

Mnalijua lile friji fupi jeupe la kituoni lenye kitasa cha namba ndani, cha kuzidisha na kupunguza baridi. Bwana Khatib alikuwa na sheria moja juu yake. "Hili la dawa. Hata ndimu haingii." Chanjo ya kichaa cha mbwa inataka baridi, lakini haitaki kuganda. Ikiganda imekufa. Ukiiyeyusha itaonekana safi kama maji ya kunywa, na haitafanya kazi yoyote ndani ya mwili wa mbwa. Alinirudia maneno hayo mpaka nikawa nayasema naye. Alistaafu, na haikupita miaka miwili akafariki, Mungu amrehemu. Sheria ikabaki kwangu, na mimi nikailegeza. Ilianza Ramadhani moja, kazi zilipokuwa nyingi na tukawa tunafuturu pale pale kituoni. Friji lilikuwa moja. Tukaanza kuweka chupa za maji, halafu juisi ya ukwaju. Hakuna aliyekatazwa, kwa kuwa mwenye kukataza ndiye aliyekuwa akikamua ukwaju.

Kusini mwa Unguja kuna kijiji ambacho sitakitaja jina. Wana wasasi, yaani watu wanaokwenda msituni na mbwa kuwinda nguruwe wanaoharibu mihogo. Mbwa wao walikuwa wengi na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchanjwa. Nilikwenda mara ya kwanza nikaambiwa mbwa akichanjwa hupoteza pua. Nilikwenda mwaka wa pili nikapewa madafu na hadithi nyingi, mbwa sikuoneshwa. Mwaka wa tatu mkubwa wa wasasi, Mzee Vuai, akanionesha mbwa wake mmoja kwa sababu alikuwa anakufa. Jina lake Kamanda. Mbavu nje, kupe masikioni, tumbo limejaa minyoo, chakula chake ugali mtupu wa muhogo. Nikamtoa kupe, nikampa dawa ya minyoo, nikamwambia Mzee Vuai auchanganye ule ugali na dagaa waliochemshwa na mafuta kidogo ya nazi, na maji safi kila siku. Akacheka akasema huyo mbwa atakula vizuri kuliko bwana wake, lakini alifanya. Miezi mitatu baadaye akanipigia simu.

"Bi Daktari, njoo umwone mbwa wako. Kapata mwili kunishinda mie."

Yeye ndiye aliyewashawishi wenziwe. Aliwaambia kama dawa ya mwanamke huyu imemrudisha Kamanda, basi na sindano yake haitaua pua ya mbwa wa mtu. Wakakubaliana iwe Ramadhani, kwa kuwa mwezi ule wao hawaendi msituni na mbwa wote wanakuwa wamefungwa nyumbani. Nje ya Ramadhani ni vigumu kuwapata wote pamoja, wako maporini. Sheha wa kijiji akatangaza siku. Nilifurahi kiasi cha kukosa usingizi, maana katika maisha yangu yote ya kazi hakuna kijiji kilichowahi kunipa mbwa wake wote kwa siku moja.

Siku moja kabla, tulikuwa kituoni tunatayarisha vifaa. Joto lilikuwa kali na ukwaju ulikuwa wa uvuguvugu. Nikafungua friji na kukizungusha kitasa mpaka mwisho ili magharibi tupate kitu cha baridi. Tulifuturu, ukwaju ulikuwa mtamu, nikasali, nikafunga mlango nikaenda nyumbani. Kitasa sikukirudisha.

Asubuhi nilipofungua friji niliona barafu ndani ya vichupa vya chanjo. Si juu yake, ndani yake. Nilikuwa peke yangu. Nilikaa juu ya kigoda na kichupa kimoja mkononi, na kila alichonifundisha Bwana Khatib nilikuwa nakijua vile vile kama jana yake. Nilijua pia kwamba chanjo nyengine itachukua wiki nyingi kuvuka kutoka Bara, na kwamba baada ya Idd wale mbwa watarudi maporini. Kuahirisha ni kungoja mwaka mzima, na kwa watu waliokubali kwa shingo upande ilikuwa sawa na kuanza upya. Nilivishika vichupa viganjani mpaka vikayeyuka. Maji yalikuwa safi. Nikajiambia labda imebaki nguvu nusu. Nikajiambia baada ya Idd nitaleta nzuri na kurudia. Nikavitia kwenye kasha la baridi, nikapanda gari.

Walikuja wote. Mbwa baada ya mbwa, wenyewe wamewashika kwa kamba, na kila aliyechanjwa nilimfunga utepe mwekundu shingoni. Mzee Vuai alisimama nami tangu mwanzo mpaka mwisho, akiwatania waliokuwa wakiogopa sindano kuliko mbwa wao. Nilipomfunga Kamanda utepe, akasema, "Sasa huyu ana cheti, mie sina." Watu wakacheka na mimi nikacheka.

Chanjo mpya ilifika wiki tano baada ya Idd. Kurudia kulitaka niseme kwa nini narudia. Nilipanga maneno mara nyingi. Kila nilipoyapanga nilimwona mmoja wa wasasi akisema, si nilikwambieni, na kijiji chote kikinifungia mlango. Kisha kukatokea maradhi ya kuku kaskazini, kisha likaja jengine, na mimi nikawa nashukuru kila linalokuja. Chanjo ile nzuri niliitumia kwengine.

Ilipita miezi minane. Siku hiyo nilikuwa kituoni mchana, Mzee Vuai akapiga simu. Tukaamkiana, akaniuliza habari za nyumbani, ndipo akasema.

"Kamanda kanikwaruza jino. Nampelekea chakula, kageuka kanidaka mkono. Leo siku ya pili hali kitu. Lakini si ana utepe wako?"

Nikamwambia, "Mzee Vuai, nenda hospitali leo ukadungwe."

"Nshakosha, mwanangu. Mara saba, na udongo. Kwani ile chanjo haikushika?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi yangu yote. Kama ningesema haikushika, niliigandisha mwenyewe nikakudanganyeni, angepanda gari la kwanza. Nilikuwa nimeshika simu na watu wawili wamekaa mbele yangu wanangoja zamu. Nikasema, "Imeshika, lakini nenda tu, kwa hadhari."

"Aah, kwa hadhari," akasema, na sauti yake ikalegea. "Basi ntakwenda wiki ijayo, nna mihogo ya kung'oa. Ahsante, mwanangu."

Nilimpigia tena jioni ile na siku ya pili yake. Alinijibu kwa heshima kwamba atakwenda. Nilimkazania, na hakuniuliza tena kwa nini nakazania, na mimi sikusema. Kamanda alikufa siku ya tatu. Kijijini kwao mbwa hutiliwa sumu na watu wasiowataka, basi Mzee Vuai akadhani ni sumu, akamzika na hakunambia, nilikuja kujua baadaye. Kila siku iliyofuata nilikuwa naomba kwamba yale maji saba yamefanya kazi ambayo chanjo yangu haikufanya. Niliomba kwa kweli, kwa machozi, na mdomo wangu ulikuwa mzima ungeweza kusema.

Mzee Vuai aliugua baada ya mwezi na siku kidogo. Nilimkuta hospitali, na wakati huo hakuna dawa tena, mnajua. Alikuwa na akili zake kamili. Mkewe, Bi Mize, alikuwa amekaa kitandani anampepea. Kikombe cha maji kilikuwa kimewekwa mbali, kwa kuwa akikiona tu koo lilikuwa linambana.

"Bi Daktari," akanambia, "maji yananikataa. Hata udhu natayamamu kwa udongo."

Nikamwambia pole. Nilikwenda pale nikiwa nimeazimia kumwambia, na neno lililotoka ni pole. Akaniombea dua kwa kuja. Alifariki siku ya pili yake.

Nilifanya yote yanayofanywa baada ya hapo, na niliyafanya vizuri. Bi Mize na kila aliyemgusa Kamanda walipelekwa kudungwa. Nilirudi kijijini na chanjo nzima, niliyoilinda kama yai, na nilitegemea kufukuzwa kwa mawe. Wasasi walikuwa wamekasirika. Mmoja akasema sindano za mjini ni uongo mtupu. Bi Mize, ambaye alikuwa kwenye eda na hakutakiwa kutoka, alimtuma dada yake aje aseme kwa niaba yake: marehemu alimwamini Bi Daktari, na yaliyotokea ni kudra ya Mungu, walete mbwa wao. Wakawaleta. Kisha yule dada akanichukua nyumbani kwao, kwa kuwa Bi Mize alitaka na paka wake achanjwe. Alikuwa paka mdogo wa kijivu. Nilimdunga mbele yake, Bi Mize akaninong'oneza dua nyingi, na mimi niliitikia amin kwa kila moja.

Ripoti ya kifo kile niliiandika mimi. Niliandika kwamba mbwa alichanjwa na chanjo haikushika. Nyinyi wote mmeisoma. Kila mwaka nilikuwa naitumia kuwafundisha wapya kwamba chanjo wakati mwengine humkataa mnyama, na mlikuwa mkiandika kwenye madaftari yenu. Yafuteni hayo. Chanjo ile haikukataa kitu. Ilikufa ndani ya friji letu kwa sababu ya juisi ya ukwaju, na mimi niliiona imekufa. Kama kuna mafunzo mengine yoyote mnayotaka kutoka kwangu, ya taulo au ya ufizi, chukueni, ni ya Bwana Khatib na ni ya kweli. Hili moja ndilo langu peke yangu.

Miaka sita nilikaa nalo. Nilikuwa najiambia nikistaafu nitakwenda kusema, maana nikisema kabla, kituo kitaharibika jina na watu wataacha kuleta wanyama. Hiyo ni sababu nzuri na nimeitazama kila upande. Wiki ya tatu baada ya kuniaga, sababu ilikuwa imekwisha, basi nikapanda gari asubuhi nikaenda kusini.

Bi Mize alikuwa ndani, amekaa juu ya mkeka anachambua mchele, na paka wa kijivu amemlalia mapajani. Amekuwa paka mkubwa, manyoya yanang'ara.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, Bi Daktari. Karibu, karibu. Mtazame mgonjwa wako. Nampikia samaki kama ulivonambia, miba natoa. Wanangu wanasema namdekeza."

Nilikaa chini. Sikungoja chai, kwa kuwa nilijua nikinywa chai yake sitaweza. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyokwelezeni nyinyi: friji, kitasa, barafu, viganja vyangu, tepe nyekundu, simu. Alikuwa ameacha kuchambua. Nilipofika kwenye simu nikamwambia neno nililomwambia mumewe.

"Alikuwa kakaa hapo," akasema, akaonesha baraza kwa kidevu. "Alipomaliza kuzungumza nawe nkamuuliza, Bi Daktari kasemaje? Kanambia, kasema ni hadhari tu. Mie ndo nliyemwambia basi tumalize mihogo kwanza."

Sikujua hilo. Miaka yote ile na yeye alikuwa na lake. Nikamwambia si kosa lake, ni langu, na aliponitazama niliona maneno yale hayamsaidii. Nikamwomba msamaha. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mgongo wa paka, lakini ulikuwa umesimama.

"Na huyu?" akaniuliza. "Sindano uliyomdunga huyu, ilikuwa nzima?"

"Nzima, Bi Mize. Wallahi nzima. Niliilinda mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli kubwa kuliko ile. Alinitazama muda mrefu, akitafuta usoni kwangu, na nikaona hakupata anachokitafuta. Akamshika paka kwa mikono miwili, akamweka mbali na mwili wake, akainuka naye mpaka mlango wa uani. Akamtoa nje, akaurudisha mlango na kutia komeo, kisha akarudi kukaa mahali pake.

Paka alikaa nje ya mlango analia. Hakuna kati yetu aliyeinuka kumfungulia.